Chokaa Inayorudi Majini: Historia Fupi ya Rangi ya Matumbawe, Kutoka Tanuri la Pwani Hadi Tangi la Sebuleni

Ukiwa kwenye daladala umepita Tegeta unaelekea Bunju, tazama kushoto. Kile kilima kilichochongwa miaka nenda rudi ni Wazo, na kiwanda kilicho hapo ndicho kinachotengeneza saruji ya Twiga. Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1959, uzalishaji ukaanza 1966. Sasa swali: lile jiwe linalosagwa pale ni jiwe gani? Ni jiwe la chokaa, mabaki ya matumbawe na viumbe wengine wa baharini walioishi enzi ambazo Wazo yenyewe ilikuwa chini ya maji. Kwa hiyo kama nyumba yako ya Bunju au Mbagala imejengwa kwa bloku za saruji hiyo, kuta zako zina matumbawe ya kale ndani yake.

Tunaanzia hapo kwa sababu mada ya leo, ukiisikia haraka haraka, inaonekana ni ya watu wenye muda wa kupoteza: unafanyaje ili matumbawe ndani ya tangi la nyumbani yawe na rangi nzuri na maji yake yawe sawa? Wafugaji wa matumbawe duniani wanaweza kubishana hadi alfajiri kuhusu kalsiamu, ualkali na fosfeti. Lakini ukifuatilia historia ya ubishi wao unakuta jambo la ajabu. Mojawapo ya dawa kubwa waliyoifikia ni chokaa, kitu ambacho watu wa pwani hii wamekijua kwa karibu miaka elfu moja. Sisi tulikuwa tunaitoa kwenye matumbawe. Wao wakajifunza kuirudisha. Na yale waliyojifunza nyuma ya kioo yanatusaidia kuelewa kinachoipata bahari iliyo mbele ya Kinondoni na Temeke.

Kwanza, tumbawe ni nani?

Tumbawe ni mnyama. Ni ukoo wa vinyama vidogo vyenye mdomo na minyiri, vimekaa pamoja juu ya kiunzi kigumu walichokijenga wenyewe. Kiunzi hicho ni kalsiamu kaboneti. Kinyama huchukua kalsiamu iliyoyeyuka kwenye maji ya bahari, kikaiunganisha na bikaboneti iliyomo humo humo, kikaweka tabaka jembamba la jiwe chini yake. Kesho tena, na keshokutwa. Matumbawe ya aina ya Porites, yale makubwa ya mviringo, hukua takriban sentimita moja kwa mwaka. Ukiona moja lenye kimo cha mita moja, ujue lilianza kujenga kabla babu yako hajazaliwa.

Ndani ya nyama yake anaishi mpangaji: mwani wa chembe moja, asiyeonekana kwa macho. Mpangaji anatumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo ndiyo chakula cha mwenye nyumba. Mkumbuke huyu mpangaji, maana habari yote ya rangi inamhusu.

Karne za tanuri

Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Husuni Kubwa ya Kilwa ni ya karne ya 14. Hapa hapa Kinondoni, kwenye magofu ya Kunduchi, kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyowahi kupambwa kwa sahani za Kichina. Hata mjini, Boma la Kale lililojengwa enzi za Sultani Majid ni la mawe ya matumbawe. Majengo yote haya yalijengwa na kiumbe yule yule, kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni jiwe lenyewe. Mafundi walitumia mwamba wa kale wa nchi kavu kwa kuta nene. Kwa kazi ya nakshi, kama fremu za milango na kibla cha msikiti, walikata Porites mabichi kutoka majini. Likiwa bado na unyevu tumbawe hilo ni laini, linachongeka. Likikauka linakuwa gumu na jepesi.

Njia ya pili ni tanuri. Magogo hupangwa, mara nyingi ya mikoko, vipande vya matumbawe vikawekwa juu, moto ukawashwa. Joto likifika kama nyuzi 900, kalsiamu kaboneti inavunjika. Kila kilo 100 za tumbawe safi zinabakiza kilo 56 za chokaa mbichi, na kilo 44 zinaondoka angani zikiwa hewa ya ukaa. Chokaa mbichi ikimwagiwa maji inachemka yenyewe na kuwa chokaa iliyozimwa, ile ya kupaka ukutani, na hata ile inayopakwa kwenye jani la tambuu. Ukijengea ukuta, inaivuta hewa ya ukaa taratibu na kugeuka kuwa jiwe tena. Mzunguko mzima, jiwe kuwa jiwe, mafundi wetu waliujua kwa mikono muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuuandika kwa alama za kemia.

Lakini tuseme ukweli: kazi hii ilikuwa na gharama. Mji ukiwa mdogo, bahari ilihimili. Idadi ya watu na nyumba ilipopanda katika karne ya 20, kuchimba matumbawe hai kwa ajili ya ujenzi na chokaa kukawa tatizo katika sehemu mbalimbali za pwani yetu. Mwaka 1995 watafiti walichapisha utafiti kuhusu uchimbaji huo kisiwani Mafia, wakaueleza kuwa ni mtihani mgumu kwa wasimamizi: watu wanahitaji nyumba na kipato, na mwamba unahitaji miongo mingi kurudi. Kitu kinachokua sentimita moja kwa mwaka hakiwezi kushindana na nyundo.

Wakati huo huo, Uingereza

Tuvuke bahari kidogo, kwa sababu tangi la nyumbani lilizaliwa huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 mkemia Robert Warington alionyesha kwamba samaki na mimea wanaweza kuishi pamoja kwenye chombo kimoja kwa muda mrefu, mmoja akitoa kile anachohitaji mwenzake. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la samaki. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilicholieneza neno "aquarium", na akajaribu hata kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi mwenyewe.

Mchezo ukashika moto. Watu walimiminika ufukweni na ndoo na patasi, wakikusanya kila kilichopendeza. Miaka mingi baadaye mtoto wa Gosse, Edmund, aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1907 kwa uchungu kwamba vidimbwi vya ufukweni alivyovijua utotoni vilikuwa vimeporwa na wakusanyaji waliohamasishwa na vitabu vya baba yake. Kwa hiyo tatizo la kupenda kitu hadi kukimaliza halikuanzia kwetu wala halikuhitaji tanuri.

Matumbawe magumu hata hivyo yaliendelea kuwashinda. Samaki waliishi, viumbe laini waliishi, lakini tumbawe la kujenga jiwe lilipauka na kufa baada ya wiki au miezi. Kwa nini?

Jakarta, halafu chokaa

Hatua ya kwanza ilitoka nchi ya joto kama yetu. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza njia yake: maji ya bahari yenyewe, mwanga wa jua, mapovu ya hewa, na mawe yaliyotoka baharini yakiwa bado na uhai ndani yake, yaani bakteria na vidudu wanaosafisha uchafu. Jakarta iko karibu latitudo moja na Dar es Salaam. Wenzetu wa Ulaya waliokuwa wakichuja na kuchemsha kila kitu walichukua miaka kukubali kwamba jiwe lenye uhai linasafisha maji kuliko mashine zao.

Hatua ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi. Katika miaka ya 1970 Peter Wilkens, aliyekuwa akiandika kwa Kijerumani, alisambaza mbinu ya kutia maji ya chokaa kwenye tangi. Ndiyo, chokaa iliyozimwa, ile ile. Tupige hesabu uone mantiki yake.

Chukua tangi la lita 200. Maji ya bahari yana takriban miligramu 420 za kalsiamu kwa lita, kwa hiyo tangi zima lina gramu 84. Matumbawe yako yakijenga gramu 10 tu za jiwe, yanatumia gramu 4 za kalsiamu, chini ya asilimia 5. Hapo unaona hakuna shida. Lakini jiwe linahitaji pia bikaboneti, na hiyo baharini ni chache: ukipima ualkali, yaani akiba ya bikaboneti na ndugu zake, zile gramu 10 zimeshakula karibu asilimia 40 ya akiba ya tangi lako. Bahari haisikii, ina maji yasiyo na mwisho. Tangi linasikia. Ualkali ukishuka hivyo, ujenzi unasimama na mnyama anaanza kudhoofika. Ndiyo maana mfugaji makini hupima ualkali kwanza na kalsiamu baadaye.

Chokaa iliyozimwa inajibu mahitaji yote mawili kwa mkupuo. Ikiingia majini inatoa kalsiamu, na sehemu yake ya pili inanasa hewa ya ukaa iliyoyeyuka na kuigeuza bikaboneti. Lita moja ya maji huyeyusha kama gramu 1.5 za chokaa. Tangi likipoteza lita 2 kwa siku kwa kukauka, ukafidia kwa maji ya chokaa yaliyokolea, umeyapa matumbawe malighafi ya gramu 4 za jiwe. Tanuri linarudi kinyumenyume, polepole, tone kwa tone.

Rangi inatoka wapi?

Sasa tumkumbuke mpangaji. Mwaka 1928 na 1929 msafara wa kisayansi wa Waingereza ulikaa kwenye miamba mikubwa ya Australia. Kiongozi wake, C. M. Yonge, na wenzake waliona kwamba matumbawe yakipata joto kali huwatimua wale mwani walio ndani yake. Mwaka 1944 Siro Kawaguti, Mjapani aliyefanya kazi Palau, alichapisha uchunguzi wake juu ya rangi za matumbawe na mwani hao. Ikawa wazi kwamba rangi zina asili mbili tofauti.

Ya kwanza ni kahawia, rangi ya mpangaji. Hii ndiyo rangi ya kawaida ya matumbawe mengi yenye afya. Usidanganywe na picha za matangazo!

Ya pili ni kijani kinachong'aa, zambarau, waridi na bluu. Hizo hutengenezwa na mnyama mwenyewe, ni protini. Mwaka 1962 Osamu Shimomura na wenzake walieleza protini ya kijani kutoka kwa kiwavi wa baharini, yule anayewasha ngozi. Mwaka 1999 timu ya Mikhail Matz na Sergey Lukyanov ilionyesha kwamba matumbawe na jamaa zake wana protini za ukoo huo huo, pamoja na moja nyekundu iliyokuja kuwa chombo muhimu sana cha kuangalia chembe hai maabara. Viumbe walivyotumia vilitoka kwenye matangi huko Moscow, maelfu ya kilomita kutoka bahari yoyote ya joto. Shimomura alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien.

Nyingi ya protini hizi ni kinga dhidi ya jua kali. Hapo ndipo fumbo la mfugaji linapofunguka. Maji yenye naitreti na fosfeti nyingi yanamnenepesha mpangaji, anaongezeka, na tumbawe zima linakuwa kahawia ya matope. Mtu akiona hivyo hukimbilia kuondoa kila kirutubisho, na hapo anaharibu zaidi. Mwaka 2013 Jörg Wiedenmann na wenzake wa Southampton walionyesha kwamba naitreti nyingi huku fosfeti ikiwa haba humfanya mpangaji awe dhaifu, na tumbawe linapauka kirahisi likikutana na joto au mwanga mkali. Mwaka 2020 maabara hiyo hiyo ilieleza jambo jingine: baadhi ya matumbawe yanayopauka kiasi huwaka rangi kali sana, kwa sababu mwanga unaobaki ndani yake unamchochea mnyama kutengeneza kinga zaidi. Kwa hiyo rangi ya kupendeza mno inaweza kuwa kilio cha kuomba msaada.

Kama una tangi, au unalifikiria

Tuseme unaishi Mbezi Beach au Mtoni Kijichi na umeamua. Mambo ya kuangalia ni haya.

Joto. Vitabu vingi vimeandikwa kwa watu wanaopasha maji. Wewe utapambana kuyapoza, hasa Januari hadi Machi. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha joto, lakini hukausha maji haraka, kwa hiyo fidia kila siku kabla chumvi haijakolea.

Maji ya kufidia. Usitumie ya kisima bila kupima. Visima vingi vya Dar es Salaam vimeonekana kuwa na naitreti inayotokana na vyoo vya shimo, na vile vya karibu na bahari vina chumvi. Kila ndoo unayoongeza inaacha mzigo wake ndani ya tangi.

Hewa ya chumbani. Ukifunga madirisha kwa ajili ya kiyoyozi na mko watu wengi ndani, hewa ya ukaa inapanda na pH ya tangi inashuka. Kufungua dirisha ni dawa isiyo na bei.

Chokaa. Ile ya dukani ya kupaka ukuta haina uhakika wa usafi, iache. Tumia iliyosafishwa, idondoshe polepole usiku, na uilinde macho yako: maji ya chokaa yana pH ya zaidi ya 12.

Mwisho, uthabiti. Ualkali wa digrii 7 au 8 usioyumba ni bora kuliko unaopanda na kushuka kila wiki. Na umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa ya betri ndiyo itakayookoa uhai.

Na matumbawe yenyewe utayatoa wapi? Siyo kwa kuyavunja Mbudya. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, leo vikiwa chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994, na baadaye visiwa vya kusini kama Sinda navyo vikaingizwa. Matumbawe magumu yote yapo pia kwenye mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila kibali. Wafugaji wa siku hizi hukata kipande kidogo cha tumbawe lililokulia tangini na kukiotesha upya, kama unavyopanda muhogo kwa kipande cha mti. Kama huwezi kupata cha namna hiyo kihalali, basi subiri.

Tangi kubwa lililo mbele yetu

Sasa peleka somo lote hilo baharini. Mto Msimbazi unamwaga uchafu wa jiji karibu na Daraja la Selander. Kizinga na Mzinga inapita Temeke hadi bandarini. Naitreti inayoharibu rangi kwenye lita 200 ni naitreti ile ile. Hewa ya ukaa ya tanuri, ya kiwanda na ya magari inayeyuka baharini: pH ya uso wa bahari za dunia imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1 tangu enzi ya viwanda kuanza. Inaonekana kidogo, lakini inafanya ujenzi wa jiwe kuwa kazi ngumu zaidi.

Halafu joto. Kati ya Machi na Mei 1998, mwaka wa El Niño, matumbawe ya pwani yote ya Afrika Mashariki yalipauka, na baadhi ya miamba ya Mafia ikapoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake. Upaukaji ukarudi 2016, na tena 2024. Juu ya hayo kuna baruti: uchunguzi wa sauti za chini ya maji wa mwaka 2015 ulinasa milipuko 318 kwa mwezi mmoja hivi kwenye pwani ya Tanzania, zaidi ya nusu yake ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam.

Mwenye tangi akiona matumbawe yake yanapauka, hupima maji usiku huo huo. Anajua kila tone limeingia kwa mkono wake. Mbele ya Kunduchi mikono ni mingi, ndiyo maana hakuna anayeona ni wake. Lakini vipimo ni vile vile, na baadhi ya majibu tunayo: choo kinachojengwa vizuri Mbagala, maji taka yanayosafishwa kabla ya kufika Msimbazi, mvuvi anayetoa taarifa ya baruti. Joto la dunia hatuwezi kulizima peke yetu, ila tumbawe lililokaa kwenye maji safi lina nafasi kubwa zaidi ya kupona baada ya kupauka.

Siku ukipanda boti Kunduchi kwenda Mbudya, beba miwani ya kuogelea na uangalie bila kugusa. Kahawia na kijani cha kawaida: mpangaji yuko nyumbani. Nyeupe pee yenye nyama bado juu yake: ameondoka, lakini mnyama yu hai na anaweza kumpokea tena ndani ya wiki chache maji yakipoa. Zambarau au waridi linalowaka kuliko majirani zake: huenda lina shida. Kijivu kilichofunikwa na majani ya mwani: limekufa. Andika tarehe na ulichokiona. Ukirudi baada ya miezi sita, angalia matumbawe yale yale, ulinganishe na ulichoandika.